Talaka Mbele ya Sheria: Arua na Koboko

Uganda haina ndoa ya aina moja, na kwa hiyo haina talaka ya aina moja. Sheria ya nchi inatambua ndoa ya kanisani, ndoa ya serikali inayofungwa mbele ya msajili, ndoa ya Kiislamu, ndoa ya Kihindu na ndoa ya kimila. Sheria ya Ndoa na Sheria ya Talaka zote mbili ni za mwaka 1904. Ile ya ndoa na talaka za Waislamu ni ya 1906, ya Wahindu ni ya 1961, na ya kusajili ndoa za kimila ni ya 1973. Juhudi za kuzileta pamoja zimefanywa mara kadhaa, tangu tume iliyoongozwa na William Kalema ilipotoa ripoti yake mwaka 1965 hadi Muswada wa Ndoa na Talaka wa 2009, ambao mjadala wake ulisimamishwa bungeni mwaka 2013. Ndiyo maana mtu wa Arua au Koboko anayetaka kujua ndoa inavunjwaje hana budi kuanza na swali ambalo wengi hulipita haraka: ndoa yenyewe ilifungwa kwa njia gani?

West Nile swali hilo lina uzito wake. Familia moja ya Kilugbara huenda ilipeleka ng'ombe na mbuzi ukweni, kisha miaka kadhaa baadaye ikafunga ndoa katika parokia ya Jimbo Katoliki la Arua au katika kanisa la Dayosisi ya Madi na West Nile. Jirani zao Waislamu, wawe Wakakwa wa Koboko au Wanubi wa mjini Arua, waliozeshwa na shehe mbele ya mawalii na mashahidi. Katika nyumba ya tatu wawili walihamia pamoja, wakazaa, wakajenga, lakini mahari haikupelekwa, na hawakusimama mbele ya padri, shehe wala msajili. Wote hao watasema wameoana, na majirani watawaitikia. Mahakama haitawaitikia wote.

Hiyo nyumba ya tatu ndiyo iliyo hatarini zaidi. Sheria ya Uganda haigeuzi miaka ya kuishi pamoja kuwa ndoa, iwe miwili au ishirini. Wanaoishi hivyo wakiachana, hakuna talaka ya kuombwa kwa sababu hakuna ndoa ya kuvunjwa. Anayedai sehemu ya nyumba au kiwanja hulazimika kufungua madai ya kawaida ya mali na kuthibitisha alichochangia, bila ngao ambayo mke au mume wa ndoa anayo. Watoto peke yao hawapotezi kitu: haki ya mtoto kutunzwa na wazazi wote wawili haitegemei kama wazazi walioana.

Kosa la pili, lililo la kawaida zaidi, ni kudhani kwamba kuachana ni talaka. Mke amerudi kwao Maracha, mume ameleta mwingine ndani, miaka imepita. Mtaani huhesabiwa kuwa mambo yamekwisha. Kisheria hayajakwisha. Aliyefunga ndoa ya kanisani au ya serikali akaoa au kuolewa tena kabla ndoa hiyo haijavunjwa ametenda kosa la jinai, ambalo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 5, na ndoa hiyo ya pili ni batili. Anayeumia mara nyingi ni mke wa pili, aliyeingia kwa nia njema na kukuta, siku mume anapofariki, kwamba mjane anayetambuliwa na sheria ni mwingine.

Kwa ndoa za kanisani na za serikali, mahakama pekee ndiyo yenye uwezo wa kuzivunja. Baraza la mwenyekiti wa LC haliwezi, mkutano wa ukoo hauwezi, na kanisa pia haliwezi. Jambo hili la mwisho huwachanganya Wakatoliki wengi. Mahakama ya Kanisa inaweza kutamka kwamba ndoa ilikuwa batili tangu mwanzo, na taratibu zake zilirahisishwa na Papa Fransisko mwaka 2015, lakini tamko hilo linahusu hali ya mtu mbele ya Kanisa na sakramenti zake. Katika daftari la serikali mtu huyo bado ameoa au ameolewa mpaka hakimu au jaji aseme vingine.

Sheria ya Talaka inaruhusu ombi kusikilizwa na mahakama ya hakimu wa daraja la kwanza au hakimu mkuu endapo wote wanaohusika ni Waafrika; mengine huenda Mahakama Kuu. Arua ina Mahakama Kuu ya kanda pamoja na mahakama ya hakimu mkuu, na Koboko ina mahakama ya hakimu, kwa hiyo mtu wa Koboko hana haja ya kufika Kampala kwa jambo hili, kinyume na wengi wanavyoambiwa.

Sababu za talaka zina historia ambayo ni vizuri ijulikane. Kwa miaka 100 sheria ilimruhusu mume kuomba talaka kwa uzinzi wa mkewe peke yake. Mke alitakiwa athibitishe uzinzi wa mume na juu yake jambo jingine: ukatili, kutelekezwa kwa miaka 2 au zaidi, ndoa ya pili, na mengine ya namna hiyo. Mwaka 2003 Chama cha Wanasheria Wanawake wa Uganda, kinachofahamika kwa jina la FIDA, kilifungua shauri katika Mahakama ya Katiba, na hukumu ya Machi 2004 ikafuta ubaguzi huo kwa kutumia ibara ya 31 ya Katiba ya 1995, inayowapa mume na mke haki sawa wakati wa kuoana, ndani ya ndoa na ndoa inapovunjwa. Tangu hapo sababu ni zilezile kwa wote wawili, na moja yatosha: uzinzi, ukatili, au kutelekezwa bila sababu ya msingi kwa miaka 2. Ukatili si kipigo tu. Mahakama huangalia kama mwenendo wa mmoja umehatarisha afya au akili ya mwenzake, na matusi ya kila siku, kunyimwa chakula au kufukuzwa usiku huhesabiwa.

Uzinzi wenyewe si kosa la jinai tena, kwa kuwa Mahakama ya Katiba iliifuta adhabu yake mwaka 2007. Hata hivyo unabaki kuwa sababu ya talaka, na anayeudai lazima aulete kwa ushahidi. Tetesi za sokoni hazitoshi. Mashahidi, mtoto aliyezaliwa nje, barua au ujumbe wa simu vyaweza kusaidia.

Kuna mambo matatu ambayo hakimu huyachunguza hata kama mwenzi hajayataja. Je, mwombaji aliridhia kosa hilo litendeke? Je, alilisamehe, yaani akajua kisha akarudi kuishi na mwenzake kama mume na mke? Je, wawili hao wamekula njama na kutunga kosa ili waachane haraka? Swali la tatu lina matokeo ambayo watu hawayatarajii: Uganda haina talaka ya makubaliano peke yake. Wenzi waliochoshana kwa amani, bila uzinzi, ukatili wala kutelekezana, hawawezi kuandika tu kwamba wamekubaliana. Wanaruhusiwa kukubaliana juu ya watoto na mali, na mahakama huyapokea makubaliano hayo kwa moyo mweupe, ila ndoa yenyewe yahitaji sababu. Huu ni upungufu mkubwa wa sheria hii ya karne iliyopita, kwa maana unawalazimisha watu wastaarabu kutafutana makosa.

Wapo pia wasiotaka talaka, pengine kwa ajili ya imani yao, lakini hawawezi tena kukaa chumba kimoja. Hao wanaweza kuomba amri ya kutengana kisheria. Ndoa hubaki, wajibu wa kukaa pamoja huondoka. Na kwa ndoa iliyokuwa na kasoro tangu siku ya kwanza, kama vile mmoja kuwa na ndoa nyingine hai, undugu wa damu uliokatazwa, au ridhaa iliyopatikana kwa nguvu au kwa hila, njia yake ni kuomba itangazwe kuwa batili.

Safari ya ombi la talaka huanzia masijala ya mahakama. Ombi huandikwa likieleza ndoa ilifungwa lini na wapi, watoto ni nani na wana umri gani, kosa ni lipi na mwombaji anataka amri zipi. Cheti cha ndoa huambatanishwa. Cheti kikipotea, nakala hutafutwa kanisani au kwa Idara ya Huduma za Usajili, URSB, yenye ofisi Arua. Matatizo hutokea pale ambapo kanisa halikupeleka taarifa za ndoa serikalini, na daftari la parokia ndilo linalobaki kuwa tegemeo. Ada ya mahakama hukadiriwa na karani, kisha hulipwa benki kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa Mamlaka ya Mapato. Fedha taslimu inayodaiwa mkononi na mtu wa korido si ada ya mahakama.

Baada ya hapo mjibu ombi hupelekewa samansi. Hapa ndipo mashauri mengi ya West Nile hukwama, kwa sababu mume au mke hayupo. Ameenda kufanya biashara Juba, au anachimba dhahabu Durba upande wa Kongo, na simu yake haipatikani. Mahakama haimfungi mwombaji kwa sababu hiyo. Akithibitisha kwamba amemtafuta bila mafanikio, anaweza kuomba samansi ibandikwe kwenye ubao wa mahakama na nyumbani alikoonekana mwisho, au itangazwe gazetini, na baada ya hapo shauri kuendelea bila yeye. Na mtu aliyeondoka miaka 2 bila sababu na bila kutunza nyumba, kuondoka kwake kwenyewe ndiyo sababu ya talaka.

Mjibu ombi akifika na kupinga, shauri hupitia kwanza usuluhishi, ambao kanuni za mahakama za 2013 zimeufanya kuwa hatua ya lazima kwa madai ya kiraia. Usuluhishi huo haulengi lazima kuwarudisha watu pamoja. Mara nyingi faida yake ni kwamba mgogoro wa mali au wa watoto humalizwa pale, ukabaki mgogoro wa ndoa peke yake. Kisha mashahidi husikilizwa. Lugha ya mahakama ni Kiingereza, ila anayezungumza Kilugbara, Kikakwa, Kinubi au Kiswahili hutafsiriwa, na anapaswa kusema mapema anataka lugha gani. Kujibu kwa Kiingereza cha kubabaisha ili kuonekana msomi kumewaharibia watu ushahidi wao.

Hakimu akiridhika, hutoa amri ya awali ya talaka. Hiyo siyo mwisho. Sheria inataka ipite miezi isiyopungua 6 kabla amri hiyo haijafanywa kamili, na katika muda huo mtu mwenye hoja, kwa mfano kwamba talaka ilipatikana kwa udanganyifu, anaweza kuipinga. Anayefunga ndoa ndani ya miezi hiyo amefunga ndoa akiwa bado na ndoa. Muda ukipita, mhusika mwenyewe ndiye anayerudi mahakamani kuomba amri kamili. Wapo wanaotoka na amri ya awali, wakaiweka sandukuni wakiamini wameshaachika, na kugundua kasoro hiyo siku wanapotaka ndoa mpya mbele ya msajili.

Ndoa ya kimila ina njia yake. Sheria ya 1973 iliagiza isajiliwe gombolola ndani ya miezi 6 baada ya sherehe kukamilika, lakini wachache hufanya hivyo. Kuivunja huanza kwa wazee: pande mbili hukaa, malalamiko husikilizwa, makosa huhukumiwa, na ikishindikana familia hutamka kwamba binti amerudi. Mabaraza ya LC, yaliyopewa nguvu zake na sheria ya 2006, nayo husikiliza migogoro ya kimila. Mmoja akikataa matokeo, mahakama ya hakimu iko wazi kwake.

Kwa vizazi vingi kizuizi kikubwa cha talaka ya kimila kilikuwa ng'ombe. Mahari iliyopokelewa ilitakiwa irudi, na katika desturi nyingi za Afrika Mashariki ilipunguzwa kulingana na watoto waliozaliwa. Baba au kaka aliyekwisha kuwatumia ng'ombe hao kuoa mke wake mwenyewe angewatoa wapi? Binti aliyepigwa alirudishwa kwa mumewe si kwa kuwa wazazi hawakumpenda, bali kwa kuwa hawakuwa na ng'ombe. Hapo ndipo ilipofika hukumu ambayo pengine ndiyo muhimu kuliko zote kwa wanawake wa vijijini. Shirika la MIFUMI, lenye mizizi Tororo, lilipeleka suala la mahari Mahakama ya Katiba na kushindwa mwaka 2010. Likakata rufaa, na tarehe 6 Agosti 2015 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba desturi ya kudai mahari irudishwe ndoa ya kimila inapovunjika inakiuka Katiba, kwa kuwa inamshushia mwanamke heshima yake na kumnyima usawa. Mahari yenyewe haikufutwa; kuitoa kwa hiari kunabaki halali. Kilichofutwa ni kumfanya mwanamke rehani ya mifugo.

Hukumu hiyo haijafika kila boma. Bado wapo wazee wanaosema, kwa uaminifu kabisa, kwamba mke hajaachika mpaka ng'ombe warudi, na wapo wanaozuia maiti ya mwanamke isizikwe mpaka deni la mahari lilipwe. Wanaoshauri wanawake vijijini hawana haja ya kuwadharau wazee hao. Yatosha kueleza kwamba mahakama ya juu kabisa ya nchi imesema, na kwamba kikao cha familia chenye busara kingali na kazi yake: kuandika kumbukumbu za kikao, majina ya waliohudhuria, tarehe ya kuachana na makubaliano kuhusu watoto, kisha kila upande utie sahihi au dole gumba na mwenyekiti wa LC1 ashuhudie. Karatasi hiyo moja huokoa ugomvi wa miaka.

Kwa Waislamu, ambao Koboko ni sehemu kubwa ya jamii, sheria ya 1906 inaziachia ndoa na talaka zao zifuate dini yao na kutaka zisajiliwe. Mume ana talaka, mke ana khului kwa kurudisha mahari au fidia iliyokubaliwa, na kadhi anaweza kuifasikhi ndoa kwa sababu kama kutopatiwa matunzo, madhara au mume kupotea. Qurani yenyewe inaelekeza kwanza kuletwa wasuluhishi wawili, mmoja kutoka kila upande. Baada ya talaka mke hukaa edda: twahara tatu, miezi mitatu kwa asiyeona hedhi, au mpaka ajifungue ikiwa ni mjamzito, na matunzo yake katika edda ya talaka rejea ni juu ya mume. Mashauri haya hupokelewa na makadhi wa Baraza Kuu la Waislamu wa Uganda, lililoundwa mwaka 1972 katika utawala wa Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa Koboko.

Tofauti na Kenya na Zanzibar, ambako mahakama za kadhi ni mahakama za dola, makadhi wa Baraza wamefanya kazi hii bila nguvu ya kukazia hukumu. Katiba ya 1995, ibara ya 129, ilitaja mahakama za kadhi kwa ndoa, talaka, mirathi na ulezi, lakini zilihitaji kuanzishwa na Bunge. Kwa vitendo maana yake ni hii: kadhi anaweza kuthibitisha talaka na kuandika hati, ila mume akikataa kulipa matunzo ya watoto, mama Mwislamu huenda mahakama ya serikali kama mama mwingine yeyote, na kwenda huko hakuvunji dini. Talaka iliyotamkwa kwa simu kutoka Juba bila shahidi wala maandishi humwacha mwanamke bila kujua kama ni mke au mtalaka. Hati ya kadhi ni haki yake kuidai.

Mali huleta ugomvi mkali kuliko ndoa. Imani iliyoenea ni kwamba mke hupata nusu, na imani ya upande mwingine ni kwamba hapati kitu kwa kuwa alikuja na begi. Zote mbili si kweli. Mwezi Machi 2013 Mahakama ya Juu iliamua kwamba ndoa peke yake haichanganyi mali zote za wanandoa. Kila mmoja anaweza kumiliki chake, na kinachogawanywa ni mali ya familia, kwa kadiri ya mchango wa kila mmoja. Mchango huo si fedha tu. Kulima shamba lililolisha nyumba, kulea watoto, kupika na kusimamia duka mume akiwa safarini ni mchango, ingawa kiasi chake hubishaniwa kila mara. Mwanamke aliyeweka stakabadhi za mabati, daftari la kikundi cha akiba, au mkataba wa kununua kiwanja wenye jina lake na shahidi wa LC, husikilizwa kwa urahisi kuliko mwenye maneno matupu.

Ardhi ya ukoo ni jambo gumu zaidi. Sehemu kubwa ya ardhi ya Arua na Koboko inamilikiwa kimila, na ukoo wa mume hauoni ni kwa namna gani mke aliyeachwa aondoke na kipande chake. Mara nyingi mjadala mahakamani huhamia kwenye thamani ya nyumba na mazao kuliko kwenye udongo wenyewe. Lakini ndoa ikiwa bado hai, Sheria ya Ardhi inamkataza mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani ardhi ambayo familia inaishi au kujipatia riziki bila ridhaa ya mwenzake. Anayehofia kwamba kiwanja kitauzwa kabla shauri halijaisha anapaswa kuomba zuio mahakamani mapema, mnunuzi akiwa bado anakuja kuangalia mipaka, kuliko kumfukuza mnunuzi aliyekwisha kulipa na kujenga.

Kuhusu watoto, desturi husema mtoto ni wa ukoo uliotoa mahari. Sheria husema kinachotangulia ni ustawi wa mtoto. Mahakama ya Familia na Watoto huangalia umri, shule, nani amekuwa akimlea na nyumba ipi ni salama, na aghalabu humtaka afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya aitembelee familia na kutoa taarifa. Mzazi asiyeishi na mtoto ana haki ya kumwona na wajibu wa kumtunza mpaka afikishe miaka 18. Mama hahitaji kuanza talaka ili adai matunzo ya mtoto. Maombi hayo husimama yenyewe, na mwajiri anaweza kuamriwa kukata mshahara wa mzazi mkaidi.

Pale ambapo kuna kipigo, talaka si hatua ya kwanza. Ya kwanza ni usalama. Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya 2010 inampa hakimu uwezo wa kutoa amri ya ulinzi, hata ya muda kabla ya kusikiliza upande wa pili, kumzuia mtesaji asimkaribie mlalamikaji. Sheria hiyo inahesabu pia mateso ya maneno na ya kiuchumi. Polisi wana kitengo cha ulinzi wa mtoto na familia, na aliyejeruhiwa hupewa Fomu ya Polisi namba 3 ili daktari aijaze. Nakala yake itunzwe mahali ambapo mtesaji hafiki, kwa kuwa ndiyo ushahidi wa ukatili utakaotumika baadaye katika ombi la talaka.

Mipaka huongeza ugumu wa aina yake. Koboko inapakana na Kongo na Sudan Kusini. Ndoa za Ariwara na Arua, za Yei na Koboko, ni jambo la kawaida. Mahakama ya Uganda haivunji ndoa chini ya Sheria ya Talaka isipokuwa mwombaji ana makazi yake ya kudumu Uganda siku anapofungua ombi, hata kama ndoa ilifungwa kwingine. Kwa mkimbizi wa Lobule, Rhino Camp au Imvepi swali hilo la makazi ya kudumu lina utata, na ni vyema lipelekwe kwa mwanasheria kabla ya kulipa ada yoyote. Matunzo ya watoto na amri ya ulinzi havingoji jibu la swali hilo.

Mawakili ni ghali, na wengi wao wako mjini Arua. Serikali hulipia wakili kwa washtakiwa wa makosa makubwa ya jinai. Kwa talaka hailipi. Lakini tangu marekebisho ya sheria ya mawakili ya 2002 kila wakili anadaiwa saa 40 kwa mwaka za kuwahudumia wasio na uwezo, na Chama cha Mawakili wa Uganda kina mpango wa kuwaunganisha watu na mawakili hao. FIDA huwasaidia wanawake na watoto. Asiyeweza hata ada ya mahakama anaweza kuomba ruhusa ya kufungua shauri kama maskini, chini ya kanuni ya 33 ya mwenendo wa madai, akionyesha mali na kipato chake. Na talaka inaweza kufunguliwa bila wakili kabisa. Ni kazi ngumu pale tu mali inapokuwa nyingi au mwenzi anapokuja na wakili wake.

Wengi huanzia kwa mwandishi wa barua mwenye meza nje ya mahakama. Hakuna aibu katika hilo, lakini sheria inayowalinda wasiojua kusoma inamtaka anayemwandikia mtu kama huyo amsomee maandishi yote, ahakikishe ameyaelewa, kisha aandike jina lake kamili na anwani yake kwenye karatasi hiyo. Hati ya kiapo isiyo na maneno hayo inaweza kukataliwa mahakamani. Vivyo hivyo, si kila anayevaa tai katika korido ni wakili. Wakili ana cheti cha kufanya kazi kinachohuishwa kila mwaka, na ofisi ya msajili wa mahakama inaweza kuthibitisha kama jina lake limo. Malipo yoyote kwake yaandikiwe risiti.

Siku ya kwanza kwa wakili au kwa shirika la msaada, mambo huenda haraka kwa anayefika na cheti cha ndoa au, kwa ndoa ya kimila na ya Kiislamu, majina ya mashahidi na barua ya wazee au ya shehe. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto au kadi zao za kliniki. Nakala za mikataba ya ardhi na stakabadhi. Fomu ya polisi kama ipo. Na maelezo mafupi ya tarehe: lini walioana, lini walianza kukosana, lini mmoja aliondoka. Nakala ziende ofisini, asili zibaki kwa mwenyewe.